Mzee amevunjika nyonga: mwongozo wa familia, tangu anapoanguka hadi anaposimama tena

Mara nyingi si ajali ya kutisha. Mama ameamka usiku kwenda msalani, kidole kimejikwaa kwenye ukingo wa zulia, ameangukia ubavu. Hakuna damu wala jeraha. Mkimwinua analalamika kinena kinamuuma, kisha anasema, "Niacheni nipumzike, kesho nitakuwa sawa." Kesho inafika hajainuka, keshokutwa vilevile, na siku ya nne ndipo gari linatafutwa.

Nimeuguza kwenye wodi ya mifupa kwa miaka mingi, na maneno hayo, "niacheni nipumzike", ndugu wengi wamenisimulia kwamba ndivyo ilivyoanza. Ninachotaka mkishike tangu sasa ni hiki: mzee aliyevunjika nyonga anadhoofishwa zaidi na kulala kuliko anavyodhoofishwa na kisu cha upasuaji. Akilala siku nyingi mapafu yanajaa makohozi, damu inaganda miguuni, ngozi ya makalio inachubuka, misuli inaisha, akili inavurugika. Kati ya wazee 10 waliovunjika nyonga, 2 hadi 3 hufariki kabla ya mwaka kwisha, na wengi wao huondoka kwa homa ya mapafu, moyo au udhaifu uliofuata. Kwa hiyo katika kila hatua hapa chini jiulizeni: hili tunalofanya linamtoa kitandani mapema, au linamchelewesha humo?

Hatua ya 1: Tambua, wala usimsimamishe

Mwangalie miguu yote miwili akiwa amelala chali. Mfupa ukivunjika na kuhama, mguu huo huonekana mfupi kuliko mwenzake, na wayo hulalia nje, vidole vikitazama pembeni badala ya kutazama juu. Hawezi kuunyanyua mguu kitandani ukiwa umenyooka. Maumivu huwa kinenani au juu ya paja, ingawa wengine huonyesha goti, na ndiyo maana wapo waliopigwa picha ya goti wakaambiwa hawana kitu.

Usidanganyike kwa kumwona anatembea. Shingo ya mfupa wa paja inaweza kuvunjika, vipande vikashindiliana bila kuhama. Mguu haufupiki, naye anachechemea siku mbili tatu, mpaka anapogeuka vibaya vipande vikaachana. Mzee yeyote aliyeanguka akabaki na maumivu mapya ya kinena kila anapokanyaga, apelekwe akapigwe picha.

Mkisubiri usafiri, msimkande, msimvute mguu, msimsimamishe "kujaribu". Mwekeeni mto katikati ya miguu, mfunikeni asipate baridi, na mguu ubaki katika mkao usiomuuma sana. Wakati wa kumhamisha, watu wanne washike pembe za shuka au blanketi nene alilolalia, wainue kwa pamoja, na wa tano ashike mguu.

Andikeni saa aliyoanguka na muda aliokaa sakafuni. Aliyelala sakafuni usiku kucha anaweza kuwa amekaukiwa maji, misuli yake imeumia kwa kugandamizwa, na figo zake ziko hatarini. Daktari akilijua hilo mapema atapima na kumwongezea maji. Kumbukeni pia *jinsi* alivyoanguka. Alijikwaa, au kichwa kilizunguka kwanza? Moyo ulimdunda? Mkono mmoja ulilegea, mdomo ukapinda? Wakati mwingine kuanguka ni dalili ya ugonjwa mwingine uliotangulia.

Kwenye mfuko tieni dawa zake zote katika vifungashio vyake, miwani, kifaa cha kusikilizia, meno ya bandia, na viatu vilivyofunga kisigino. Vitu hivi vinaonekana vidogo. Mtaona baadaye vinavyofanya.

Hatua ya 2: Saa za kwanza hospitalini

Dawa ya maumivu itangulie picha. Kumgeuzageuza mzee mwenye paja lililovunjika juu ya meza ya eksirei bila dawa ni kumtesa, na maumivu makali yenyewe huvuruga akili ya mzee. Parasetamoli ndiyo msingi. Juu yake iko njia ambayo familia nyingi hazijui kuiulizia: sindano ya ganzi inayochomwa kinenani ili kulaza mishipa ya fahamu inayohudumia nyonga. Inafanya kazi kwa saa kadhaa, na humpunguzia mzee haja ya dawa kali za jamii ya mofini, ambazo kwake huleta usingizi mzito, choo kigumu na kuchanganyikiwa. Dawa za kutuliza uvimbe kama diklofenaki na ibuprofeni zisitolewe kiholela, kwa sababu huumiza figo na tumbo.

Picha ya eksirei huonyesha nyonga nyingi zilizovunjika, lakini si zote. Picha ikiwa safi na mzee bado hawezi kukanyaga, msikubali kurudishwa nyumbani na dawa ya kuchua. Ombeni kipimo cha MRI, au CT kama MRI haipo.

Atatolewa damu kupima wingi wake, figo, chumvi za mwili, sukari na kundi la damu. Atapimwa umeme wa moyo na kuwekewa dripu. Kama mnaona wanataka kumfunga mguu kwa plasta na kuning'iniza uzito, ulizeni kwa upole sababu yake: tafiti zilizolinganisha wagonjwa hazikuona kwamba uzito huo, kwa mgonjwa anayesubiri upasuaji, unapunguza maumivu au kuurahisisha upasuaji, na kamba zake zinaweza kuchubua ngozi nyembamba ya mzee.

Kisha inueni visigino. Kunja taulo au weka mto chini ya shavu la mguu ili kisigino kielee hewani. Kidonda cha kisigino huanza saa za mwanzo kabisa kwenye kitanda kigumu cha mapokezi, wakati kila mtu anatazama nyonga, na kinaweza kuchukua miezi kupona baada ya mfupa wenyewe kusahaulika.

Hatua ya 3: Lindeni muda

Hii ndiyo hatua ambayo familia ina nguvu kubwa, na ndiyo wengi wanaipoteza kwa unyenyekevu.

Miongozo ya nchi nyingi inataka upasuaji ufanyike ndani ya saa 48. Uingereza wanatumia kipimo cha saa 36. Mwaka 2020 yalichapishwa matokeo ya utafiti uitwao HIP ATTACK, uliohusisha wagonjwa karibu 3,000 katika nchi 17. Kundi moja lilifikishwa chumba cha upasuaji ndani ya takriban saa 6 baada ya kutambuliwa, jingine ndani ya takriban saa 24. Idadi ya vifo haikutofautiana, lakini waliowahishwa hawakuchanganyikiwa akili sana kama wenzao, walisimama mapema, na walitoka hospitali mapema. Kwa hiyo hakuna haja ya kugombana na madaktari juu ya saa 6 au 20. Siku zikianza kuhesabiwa, tatu, tano, wiki, hapo mna haki ya kusema.

Zipo sababu za kweli za kusubiri, nazo zote ni vitu vinavyorekebishika kwa saa au siku moja: damu imepungua sana inabidi aongezewe, moyo unakimbia ovyo, maji yamejaa mapafuni, sodiamu au potasiamu imeharibika vibaya, sukari iko juu mno, au anatumia dawa ya kuzuia damu kuganda. Warfarini hupinduliwa kwa vitamini K. Zile dawa mpya za jamii hiyo, kama rivaroxaban na apixaban, kwa kawaida huhitaji siku moja au mbili zipungue mwilini, kutegemea figo. Aspirini peke yake si sababu ya kuahirisha.

Sababu dhaifu nazo zipo. Presha iliyopanda kiasi kwa mtu mwenye maumivu na hofu. Foleni ya kipimo cha moyo ambacho majibu yake hayatabadilisha uamuzi. Na ile kauli ya jumla, "tunasubiri hali yake iimarike kwanza". Mzee mwenye paja lililovunjika haimariki akiwa amelala. Kila siku anapungua. Ulizeni swali hili, kwa heshima na kwa maneno haya haya: "Daktari, tunasubiri kitu gani hasa, na tunatarajia kitakuwa tayari saa ngapi?" Swali hili halimkosei mtu adabu, na mara nyingi hulisukuma faili lililolala.

Pale ambapo daktari wa wazee anamwona mgonjwa sambamba na daktari wa mifupa, matokeo huwa bora. Wazo hilo lilikomaa katika mji wa Hastings, Uingereza, ambako daktari wa mifupa Michael Devas na daktari wa wazee Bobby Irvine walianza kuwahudumia wagonjwa hawa kwa pamoja. Hospitali yenu ikiwa haina daktari wa wazee, ombeni daktari wa magonjwa ya ndani amwone siku hiyo hiyo, huku maandalizi ya upasuaji yakiendelea bila kumsubiri.

Hatua ya 4: Elewa anafanyiwa upasuaji gani, na kwa nini

Kunja ngumi ya mkono wa kulia uifunike kwa kiganja cha kushoto. Ngumi ni kichwa cha mfupa wa paja, kiganja ni kikombe cha nyonga, na kifundo cha mkono ndiyo shingo. Sasa fikiria kwamba damu inayolisha ngumi hiyo inapanda kwa mishipa midogo iliyolala juu ya kifundo, ndani ya kifuko kinachozunguka kiungo. Kifundo kikivunjika na kuhama, mishipa hiyo hukatika. Ngumi inabaki mahali pake, haina chakula.

Hapo ndipo njia zinapogawanyika. Tangu mwanzoni mwa karne ya 19 daktari wa Uingereza Astley Cooper alikwisha kutofautisha mivunjiko iliyo ndani ya kifuko na iliyo nje yake, na mpaka leo mpasuaji huanza na swali hilo hilo.

*Umevunjika ndani ya kifuko na umehama.* Kwa mzee, kuuunga mfupa huu kwa skrubu ni kubahatisha: kichwa kinaweza kufa polepole na kumrudisha chumba cha upasuaji baada ya miezi. Kwa hiyo kichwa hutolewa na kuwekwa cha chuma. Nusu nyonga ina maana kichwa tu ndicho kinachobadilishwa, kikombe chake kikibaki. Nyonga bandia kamili hubadilisha vyote viwili, na hufaa zaidi kwa mzee aliyekuwa akitembea nje mwenyewe, mwenye akili timamu, au ambaye kiungo chake kilikwisha kulika. Msione vibaya mzazi wenu akiwekewa nusu. Utafiti mkubwa wa kimataifa wa mwaka 2019 ulikuta kwamba baada ya miaka miwili, makundi hayo mawili hayakutofautiana sana katika haja ya kurudi kupasuliwa, na nyonga kamili ilizidi kwa utendaji kwa kiasi kidogo tu. Nusu huchukua muda mfupi na huchomoka mara chache zaidi.

Ulizeni kama shina la chuma litashikizwa kwa saruji ya mfupa. Kwa mifupa laini ya wazee saruji hutoa maumivu machache na hupunguza hatari ya paja kupasuka kandokando ya chuma. Ina hatari yake: inapogandamizwa ndani ya mfupa, wagonjwa wachache presha hushuka ghafla na oksijeni hupungua, hivyo mpasuaji na daktari wa usingizi lazima wazungumze wakati huo. Mwenye ugonjwa mkubwa wa moyo au mapafu, semeni mapema.

*Umevunjika ndani ya kifuko lakini haujahama.* Hapa mishipa ya damu ina nafasi ya kuwa imesalimika. Skrubu chache, au skrubu moja kubwa na bamba lake, hupitishwa kwenye tundu dogo kuushikilia mfupa usihame.

*Umevunjika nje ya kifuko*, kwenye yale manundu yaliyo chini ya shingo. Damu huko ni nyingi, mfupa utaunga. Kazi ni kuushikilia usipinde wakati unaunga. Mvunjiko uliotulia huwekewa skrubu inayoteleza ndani ya bamba la pembeni, kiasi kwamba mgonjwa anapokanyaga, vipande vinabanana zaidi. Uliosambaratika, au ulioshuka chini ya manundu, huwekewa chuma kirefu ndani ya uwazi wa mfupa wenyewe.

Vyovyote itakavyokuwa, swali la maana kuliko yote mnaloweza kumuuliza mpasuaji ni hili: "Baada ya hapa ataruhusiwa kukanyaga kwa uzito wake wote?" Upasuaji wa mzee unapaswa kupangwa ili jibu liwe ndiyo. Mzee wa miaka 82 hawezi kuruka kwa mguu mmoja na magongo kama kijana aliyeumia uwanjani. Ukimwambia asikanyage, umemwambia alale.

Hatua ya 5: Idhini, ganzi, na mazungumzo yanayokwepwa

Umri si kizuizi. Watu wa miaka 90 na zaidi hupasuliwa nyonga kila siku duniani. Mwacheni mzee mwenyewe asikie na ajibu kama akili yake inaweza. Nimeona watoto wanne wakibishana mlangoni na mama yao, aliyekuwa anasikia kila neno, hakuulizwa na yeyote.

Kuhusu ganzi ya mgongo au usingizi kamili, familia nyingi huamini ya mgongo ndiyo salama. Utafiti uitwao REGAIN, wa mwaka 2021, haukukuta tofauti ya maana kati yao katika uhai, uwezo wa kutembea baada ya siku 60, au kuchanganyikiwa. Mwachieni daktari wa usingizi achague kulingana na moyo, mgongo na dawa za mgonjwa.

Mazungumzo magumu ni haya. Mzee ambaye hakuwa akitembea kabisa kabla ya kuanguka bado ananufaika na upasuaji, kwa sababu mfupa ulioshikiliwa hauumi kila anapogeuzwa, kuoshwa au kubadilishwa nguo. Upo lakini wakati ambapo mtu yuko mwishoni mwa safari yake, ugonjwa mwingine umekwisha kumchukua, na mwili hautamudu. Kwake huyo, kuamua pamoja na madaktari kutompasua, na kumpa dawa za maumivu na ganzi ya kinena ili atulie, ni tiba ya heshima kamili. Mkifika hapo, semeni wazi ni nini mzee angetaka. Ulizeni pia mapema itakuwaje moyo ukisimama, kabla ya kuulizwa usiku wa manane kwa simu.

Hatua ya 6: Njaa isiyo ya lazima

Chakula husimamishwa saa 6 kabla ya ganzi, na maji matupu saa 2 kabla yake. Ndivyo miongozo inavyosema, na ndivyo isivyofuatwa. Mzee huwekwa kwenye orodha ya asubuhi, ananyimwa chakula na maji tangu jioni, saa tisa alasiri anaambiwa ameahirishwa, kesho inarudia. Siku mbili hajala wala kunywa, mdomo umekauka kama karatasi, na mkojo umekuwa mweusi.

Mmoja wenu awe na kazi hii tu: kila saa chache aulize, "Bado yuko kwenye orodha ya leo? Anaruhusiwa maji mpaka saa ngapi?" Akiahirishwa, alishwe saa hiyo hiyo.

Hatua ya 7: Siku yenyewe

Upasuaji wa kawaida huchukua saa moja hadi mbili. Antibayotiki hupewa ndani ya saa moja kabla ya kupasuliwa, na siku hizi wengi hupewa pia dawa ya treneksamiki asidi kupunguza kuvuja damu. Chenu hapa ni kusubiri, na kuhakikisha miwani na kifaa cha masikio vinamngoja pale atakapoamka.

Hatua ya 8: Kusimama kwa mara ya kwanza

Lengo ni siku ile ile, au kesho yake. Ndugu hushtuka nikisema hivyo, wengine hunishika mkono nisimguse. Ninawaelewa. Lakini chuma kimewekwa kwa ajili ya saa hii.

Nusu saa hadi saa moja kabla, apewe dawa yake ya maumivu. Kitanda kishushwe mpaka nyayo zake zifike sakafuni. Mviringisheni taratibu aketi ukingoni, na hapo *msiharakishe*. Akae dakika kadhaa, achezeshe vifundo vya miguu juu na chini. Mtazameni uso: midomo ikipauka, jasho jembamba likatoka kwenye paji, presha inashuka, mrudisheni alale na mjaribu baada ya kitambo. Akiwa sawa, mvisheni viatu vyenye kufunga kisigino, siyo ndala wala soksi peke yake. Fremu ya kutembelea iwe mbele yake, lakini asiivute kujiinulia, itamwangukia. Mikono yake isukume godoro. Mtu mmoja asimame upande wa mguu uliopasuliwa, mkono nyuma ya kiuno, wala asimnyanyue kwa makwapa.

Akishasimama, atulie. Avute pumzi tatu. Wengi hutazama chini wakitafuta mguu. Mwambie atazame mbele. Kisha mpangilio ni huu, mwimbieni kama mnavyoimbia mtoto mpaka azoee: fremu, mguu mgonjwa, mguu mzima. Fremu, mguu mgonjwa, mguu mzima. Hatua mbili mpaka kwenye kiti zinatosha siku ya kwanza. Aketi kitini, ale chakula cha mchana akiwa ameketi. Mzee aliyeketi anapumua kwa mapafu yote, anameza vizuri, na anaitazama dunia kwa kimo chake.

Ngazi zikifika, baada ya siku kadhaa: kupanda, mguu mzima hutangulia; kushuka, mguu mgonjwa hutangulia.

Hatua ya 9: Akianza kusema maneno yasiyoeleweka

Kuchanganyikiwa kwa ghafla baada ya kuvunjika nyonga humpata mzee mmoja kati ya watatu au wanne, wakati mwingine zaidi. Wengine hupiga kelele na kung'oa dripu. Wengine hunyamaza tu, wamelala mchana kutwa, na hawa ndio wanaosahaulika kwa sababu hawasumbui.

Nakumbuka mwalimu mmoja mstaafu, mpole, aliyeanza usiku wa pili kuita wanafunzi wa zamani kwa majina na kutaka kutoka nje "kengele imelia". Binti yake alilia akidhani baba amerukwa na akili. Mwuguzi wa zamu alikuwa anatafuta dawa ya usingizi. Tulipomshika tumbo, kibofu kilikuwa kigumu kimejaa hadi karibu na kitovu. Hakuwa amepata choo siku nne. Na kifaa chake cha kusikilizia kilikuwa nyumbani, mezani. Mkojo ukatoka, dawa ya choo ikapewa, kifaa kikaletwa asubuhi. Jioni yake alikuwa ananisahihisha sarufi.

Basi tafuteni chanzo kabla ya kutafuta dawa ya kumlaza: maumivu, kibofu, choo, kiu, oksijeni ndogo, homa, dawa mpya, au masikio na macho yasiyo na vifaa vyake. Mpira wa mkojo ukiwepo, ulizeni kila siku kama bado unahitajika. Mtu anayemjua akae naye, hasa usiku. Mwambieni ni siku gani, yuko wapi, kwa nini mguu unauma. Msibishane naye na msimfunge mikono. Mchana mapazia yafunguliwe. Usiku taa zizimwe.

Hatua ya 10: Mengine ya wodini

Sindano ya kuzuia damu kuganda hupewa kila siku, mara nyingi kwa wiki 4 hivi, ikiwemo baada ya kurudi nyumbani. Ulizeni nani atamchoma. Ageuzwe kila baada ya saa mbili akiwa kitandani, na makalio na visigino vitazamwe kwa macho, siyo kwa kuuliza. Apumue kwa kina mara kumi kila saa akiwa macho. Dawa yoyote ya jamii ya mofini iende na dawa ya kulainisha choo.

Chakula kinahitaji ukali kidogo. Anapokuwa anaponya kidonda na mfupa, mzee anahitaji takriban gramu 1.2 hadi 1.5 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, nayo ni mengi kwa mtu asiye na hamu. Mpeni kidogo mara nyingi: yai, maziwa, samaki, maharage, na meno yake ya bandia yawe mdomoni. Sahani iliyoondolewa imejaa, mwambieni mwuguzi.

Hatua ya 11: Nyumbani

Aliyewekewa nyonga bandia au nusu nyonga anaweza kupewa masharti ya wiki za mwanzo ili isichomoke: asikunje nyonga kupita pembe mraba, asipitanishe miguu, asiugeuze mguu ndani. Inategemea nyonga ilipasuliwa kwa mbele, kando au nyuma, hivyo mwulizeni mpasuaji kama yanamhusu. Kiti kiwe kirefu, chenye mikono, na choo kiinuliwe. Zulia dogo liondoke. Taa iwepo kati ya kitanda na msalani, kwani huko ndiko alikoanguka.

Atembee kila siku, mara kadhaa, umbali ukiongezeka. Msimfanyie anachoweza kufanya. Upendo wa kumletea kila kitu alipoketi humwisha misuli.

Mrudisheni hospitali bila kusubiri akipata mojawapo ya haya: mguu umefupika ghafla au hawezi tena kukanyaga, kidonda kinatoa usaha au uwekundu unatanuka, homa, shavu la mguu mmoja limevimba na kuuma, pumzi imebana au kifua kinachoma.

Hatua ya 12: Mfupa uliovunja wa kwanza utavunja wa pili

Karatasi ya kutoka hospitali mara nyingi husema "nyonga imetengenezwa" na kuishia hapo. Mtu akianguka kutoka kimo chake mwenyewe akavunjika nyonga, mifupa yake imedhoofika, na nyonga ya pili iko hatarini. Hii inatibika. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 uliwapa wagonjwa dripu ya asidi ya zoledroniki miligramu 5, mara moja kwa mwaka, kuanzia ndani ya siku 90 baada ya upasuaji: mivunjiko mipya ilipungua kwa asilimia 35, na vifo kwa asilimia 28. Kabla yake hupimwa figo na kalisiamu, na upungufu wa vitamini D hurekebishwa. Jino bovu linalohitaji kung'olewa ling'olewe kwanza.

Wengine hupewa alendroneti, kidonge kimoja cha miligramu 70 kwa wiki. Kinamezwa asubuhi kabla ya kula chochote, kwa bilauri nzima ya maji matupu, kisha mzee akae wima nusu saa bila kulala tena wala kunywa chai, la sivyo kitamchoma koo. Chagueni siku moja ya wiki, iandikeni kwenye kalenda iliyo ukutani, na mmoja wenu aketi naye ile nusu saa.